Ufunguo wa Jikoni kwa Mama

Saa 4:05 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la fundi simu. Meza moja, viti vitatu, feni iliyokufa ukutani, harufu ya waya ulioungua. Mwenye duka aliambiwa akatembee kidogo. Akatembea. Hakuuliza arudi saa ngapi, maana si mjinga.

Kobe alichora kwa chaki juu ya meza. Alichora taratibu. Kila kitu alikifanya taratibu, hata kumpiga mtu, na ndiyo asili ya jina lake.

"Hapa ghala," akasema. "Hapa geti. Hapa sisi. Mitaa mitatu tu. King'ora kikilia tunakisikia kwa masikio yetu."

Bubu alikuwa mlangoni, mfuko wa plastiki wa sokoni mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na bastola na vitunguu viwili. Vitunguu vilikuwa vya kuzugia. Bubu si kwamba hakuweza kuongea. Hakupenda tu.

"Mlinzi wa geti hana bunduki," Kobe akaendelea. "Ana kishikwambi. Lori likifika anafungua tovuti ya ghala, ukurasa wa vibali. Akiiona namba ya lori na jina la dereva, anafungua geti. Asipoiona, hafungui hata kwa baba yake mzazi. Kwa hiyo leo hatuvunji mlango wa mtu. Hatumpigi mtu. Vidole anaandika, geti linafunguka, vibarua wao wanatupakilia mabunda ya nyaya za shaba kwa mashine yao, halafu wanatupungia mkono. Kuna swali?"

Vidole alikuwa nalo, lakini akalimeza kwanza. Aliitwa hivyo kwa sababu aliandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini. Hakuwa jambazi. Miaka sita alikuwa mtu wa tovuti wa ghala hilohilo. Mama yake alipolala kitandani asiamke tena vizuri, akahamishia kazi jikoni kwa mama. Aliandika skripti zake mwenyewe: unaandika tangazo kwenye faili tupu, unaandika amri moja kwenye dirisha jeusi la laptopu, unabonyeza, na tangazo liko kwenye tovuti. Huhitaji kufika ofisini. Sufuria inachemka, mama anakohoa chumbani, na malori yanaingia ghalani ng'ambo ya mji kwa sababu wewe umebonyeza.

Mama akafa. Vidole akakaa ndani mwezi mzima. Kazi ikaenda na mwezi huo.

"Ule ufunguo wa jikoni kwa mama bado unafungua?" Kobe akauliza.

Vidole akashtuka. Ufunguo ule haukuwa wa chuma. Lilikuwa faili dogo ndani ya laptopu, ambalo seva ya ghala ililitambua na kulikubali. Alilipa jina hilo mwenyewe. Watu wanne tu duniani walilijua: yeye, dada yake, shemeji yake, na msichana aliyemrithi kazi. Kobe hakuwa mmoja wao.

Akafikiri: shemeji. Wamempiga mpaka akasema. Masikini ya Mungu, wamempiga kiasi gani?

Maana habari yote ilianzia hapo. Shemeji yake, dereva wa malori, alitoka nyumbani miezi minane iliyopita asirudi. Ikaja kusikika kwamba yuko mikononi mwa Kobe, anaendesha mizigo ya wizi, na akijaribu kuondoka atazikwa. Dada mtu akalia mpaka sauti ikakauka. Watoto wawili wakawa wanalala na shati la baba yao. Vidole akaenda kwa Kobe kwa miguu yake mwenyewe kumwombea. Kobe akamsikiliza taratibu, akamwambia: kazi moja, halafu nakuachia.

"Unafungua," Vidole akajibu. "Lakini nisikilize vizuri, mkuu. Kibali kinaishi nusu saa. Nusu saa ikiisha, kinajifuta."

"Nani anakifuta?"

"Skripti. Niliiandika mimi. Na lori lilelile likiombewa kibali mara ya pili siku hiyohiyo, mashine inasimama. Inamsubiri mtu wa zamu kule ofisini asome, aseme ndiyo. Tunaita jicho la pili."

"Sasa ujinga kama huo uliuweka wa nini?"

Aliuweka kwa sababu siku moja, usingizi wa kuuguza ukiwa machoni, alichapisha kibali kimoja mara mbili. Lori likabeba mara mbili. Aliyefukuzwa kazi ni mlinzi wa geti, mzee mwenye watoto, na Vidole hakuulizwa hata neno. Wiki iliyofuata akaandika sheria ya jicho la pili, akaifunga kwenye seva, na kila likitumika jicho la pili ujumbe unakwenda kwenye simu ya meneja. Aliifunga hivyo ili hata yeye asiweze kuikwepa.

"Itoe," Kobe akasema.

"Haitoki kutokea huku."

"Basi hatuchelewi."

"Na shemeji yangu?"

Kobe akafuta chaki kwa kiganja. "Akitoka getini na mzigo, ni wako. Neno langu."

Saa 5:20 asubuhi.

Vidole akafungua laptopu. Ilikuwa ileile ya jikoni, na kwenye kona bado ilikuwa na doa la chai. Akachomeka modemu. Dirisha jeusi likafunguka, kishale kikaanza kupepesa.

Akaandika amri ya kuingia. Akabonyeza. Kusema kweli alikuwa anaomba kimoyomoyo kwamba ufunguo ukatae. Akataliwe. Akunje laptopu aseme samahani mkuu, wameshaufuta.

Mashine ikamjibu: *Karibu, jikoni-kwa-mama.*

Haukufutwa. Na alijua kwa nini haukufutwa, hilo ndilo lililomchoma. Yule msichana aliyemrithi, aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe, walimpachika jina la utani Jicho, kwa sababu hakuna kosa lililompita. Miezi mingi walifanya kazi pamoja kwenye meza ya jikoni, laptopu mbili zikitazamana, dada mtu akiwamiminia chai na kuwachokoza kwamba wanatazama giza siku nzima kama wachawi. Siku ya mazishi Jicho alimshika mkono akamwambia, "Kaka, ule ufunguo sitaufuta. Utakaa pale kama picha ya mama ukutani."

Msichana kaacha mlango wazi kwa heshima ya marehemu. Na Vidole huyu hapa anaupitia na majambazi wawili nyuma yake. Ebo! Kuna mambo mtu ukiyafanya, hata kujitazama kwenye kioo unaona haya.

"Mbona umesimama?" Kobe akauliza.

"Napanga."

Akaandika faili. Namba ya lori. Jina la dereva, jina la bandia la shemeji. Mabunda ishirini na mbili. Halafu amri ya mwisho: *chapisha kibali*.

Saa 5:30 kamili kibali kilikuwa hewani. Kobe akakifungua kwenye simu yake, akakisoma neno kwa neno huku midomo ikicheza.

"Wallahi," akasema, "kizuri kuliko vya kweli."

Saa 5:48.

Lori halijafika. Lilitakiwa getini saa 5:40.

"Liko wapi?" Vidole akauliza.

"Linakuja."

Saa 5:53.

"Mkuu, zimebaki dakika saba."

"Nimesema linakuja. Tulia, usinitie joto."

"Limekwama wapi? Barabara leo nyeupe."

Kobe akajikuna shingo. "Limepitia kuchukua tela."

"Tela gani?"

"Tela la nyuma, bwana. Mabunda ishirini na mbili ya nini mtu anaweza kubeba arobaini? Vibarua wakishaanza kupakia hawahesabu."

Vidole akamtazama. Maneno yalimjaa mdomoni, hata moja halikufaa kumwambia mtu mwenye bastola mlangoni. Nusu saa. Alimwambia nusu saa. Mtu mzima na akili zake anaambiwa nusu saa, anakwenda kutafuta tela.

Saa 6:00 mchana.

Kibali kikajifuta. Hakuna kilicholia, hakuna kilichowaka. Mstari ulikuwepo kwenye ukurasa, sasa haupo. Vidole aliwahi kuionea fahari skripti ile, jinsi ilivyosafisha bila kukumbushwa.

Saa 6:03 simu ya Kobe ikatetemeka. Ujumbe mfupi. Lori liko getini. Mlinzi anasema haoni kibali.

"Chapisha tena," Kobe akasema.

"Nikichapisha tena inakwenda kwa mtu wa zamu."

"Chapisha."

"Mkuu, mwambie arudi nyuma. Aseme amekosea ghala, ageuze, aondoke. Hakuna atakayemfuata."

Kobe akavuta kiti, akakaa karibu naye. Pumzi yake ilinuka vitunguu. "Nisikilize, kijana. Lori limeshasimama, namba imeshaandikwa, sura imeshaonekana. Likigeuka, mlinzi atapiga simu. Shemeji yako atakamatwa. Na akikamatwa atataja. Mimi sisubiri mtu anitaje. Nina mtu pale nje ya geti, anauza vocha. Hauzi vocha tu. Umenielewa?"

Vidole akaelewa. Akaliona shati kwenye kitanda cha watoto.

Akaandika. Akabonyeza. Dirisha jeusi likasema:

*Namba hii imeshapewa kibali leo. Inasubiri jicho la pili.*

Kishale kikapepesa. Dakika moja ikapita, nayo ilikuwa ndefu. Halafu herufi zikatokea, moja moja, zinaandikwa na mtu mwingine upande wa pili.

*Kaka, ni wewe?*

Lo. Zamu ilikuwa ya Jicho.

"Imesema nini?" Kobe akauliza, macho yake kwenye simu. Kwake herufi nyeupe kwenye giza zilikuwa ufundi tu.

"Inathibitisha njia."

Akaandika: *Ni mimi.*

*Nimeona jina la ufunguo nikalia. Nikadhani umeamua kurudi kazini. Mbona kibali hiki hakina oda? Nimetafuta.*

*Hakina, mdogo wangu. Najua.*

Vidole akahisi joto la mtu nyuma ya shingo. Bubu alikuwa ametoka mlangoni, amesimama nyuma yake na mfuko wake. Anatazama kioo cha laptopu.

*Nani yuko kwenye lori?*

Hapo ndipo alipokosea. Ukimuuliza leo, atakwambia ni hapo. Angeweza kuandika *sema hapana*. Maneno mawili, asingehitaji hata sekunde moja. Angeweza kuandika *ita askari*. Vidole vyote kumi vilikuwa salama wakati ule. Akaandika:

*Mume wa dada. Wasipomfungulia geti, nyumbani harudi tena. Watamuua.*

*Dada hajambo?*

*Anamsubiri.*

"Ufundi gani huu unachukua muda hivi?" Kobe akasema.

"Mtandao mzito."

Saa 6:11 mstari ukatokea, na Vidole akausoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yaliukataa:

*Imepitishwa. Jicho la pili:* na mbele yake jina la msichana, majina yote matatu, jinsi lilivyo kwenye kitambulisho chake cha kazi. Hakuficha hata moja. Aliweka jina lake lote pale kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akimmiminia chai.

Geti likafunguka. Kobe akampiga Vidole begani kwa furaha. Vidole akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akalia hapo chini ya meza haraka haraka, akafuta, akainuka.

Saa 6:34 mchana.

Simu ya Kobe ikaita. Alikuwa ameshika sigara, akaiweka simu mezani na kubonyeza spika.

"Mkuu!" Sauti ya shemeji. Ilikuwa nzito, imeshiba, ina kicheko. "Nimetoka! Na tela limejaa! Nilikwambia au sikukwambia? Nilikwambia ule ufunguo wa jikoni hawajaufuta, familia ile haifuti kitu. Mchongo wangu huo, usije ukausahau kwenye mgao."

"Sijausahau."

"Shemeji yangu yupo hapo? Mpe asante. Mwambie dada yake asinisubiri, nikishusha mzigo navuka mpaka. Na sivuki peke yangu."

Nyuma yake kikasikika kicheko cha mwanamke. Simu ikakatika.

Feni iliyokufa, chaki iliyofutika, na Vidole katikati, mikono juu ya meza.

"Hamkumpiga," akasema.

"Nani, yule?" Kobe akashangaa kweli, si utani. "Tumpige kwa lipi? Alikuja mwenyewe miezi minane iliyopita. Wazo lote hili lake."

"Ulisema akitoka getini ni wangu."

"Si ametoka? Kamchukue."

Kobe akacheka mwenyewe kwa alichosema, akavaa kofia. "Futa nyayo kwenye hiyo mashine, halafu uivunje. Bubu, akimaliza, unajua la kufanya, halafu utanijia kule." Akatoka, taratibu, kama mtu aendaye kununua gazeti.

Saa 6:40.

Vidole hakufuta nyayo. Hata angefuta, ujumbe wa jicho la pili ulishaingia kwenye simu ya meneja, na meneja akimaliza chakula atausoma. Hilo nalo alilipanga yeye, kwa mikono yake. Msichana amejiweka kitanzini kumwokoa mtu ambaye hakuwa kwenye hatari yoyote. Mtu aliyekuwa anacheka na mwanamke garini.

Akafungua faili jipya. Tangazo la ukurasa wa mbele. Akaandika:

*Mimi niliyetengeneza tovuti hii ndiye niliyechapisha kibali cha wizi leo.*

*Nilitumia ufunguo wa zamani.*

*Mfanyakazi wa zamu alidanganywa. Hakujua chochote.*

Chini yake akaweka jina lake kamili. Akabonyeza.

*Tangazo la ukurasa wa mbele. Inasubiri jicho la pili.*

Ndiyo. Ukurasa wa mbele nao aliufunga hivyohivyo. Akatazama kishale. Hakuna aliyeandika. Akangoja. Akaandika *Jicho, upo?* Hakuna.

"Jina langu halimo."

Vidole akageuka. Bubu ndiye aliyesema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mpole, kama ya mwalimu wa chekechea. Kumbe muda wote alikuwa anasoma.

"Halimo."

"La Kobe?"

"Halimo. Kosa ni langu."

Bubu akafikiri. "Ulikuwa unaongea na mtu saa zile. Nilisoma. Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

Bubu akainua mabega. Akatazama meza ya fundi, akaokota nyundo ndogo. "Ameniambia nikumalize. Siwezi kurudi mkono mtupu, ataniuliza. Weka mkono."

Vidole akaelewa anapewa nini: uhai, kwa bei ya vidole. Akaweka mkono wa kulia mezani. Nyundo ikashuka mara mbili. Alipofumbua macho, Bubu alikuwa ameshaondoka, na vitunguu viwili vilikuwa vimebaki juu ya kiti.

Mashine bado ilikuwa inasubiri.

Saa 7:05 mchana.

Mitaa mitatu. Alitembea na laptopu wazi juu ya mkono wa kushoto, modemu imening'inia ubavuni, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa cha fundi na damu inapita. Watu walimpisha. Mama mmoja akamuuliza, "Kijana, umepatwa na nini?" Hakusimama.

Getini kulikuwa na gari moja la askari na watu wengi wasio na kazi. Mlinzi alikuwa amekaa chini, kishikwambi mapajani, anarudia kwa kila anayepita, "Kilikuwepo. Mimi nilikiona. Kilikuwepo." Meneja alikuwa anaongea na simu mbili kwa zamu.

Jicho alikuwa kwenye benchi la kibanda cha mlinzi, katikati ya askari wawili, mikono imefungwa pingu kwa mbele. Kitambulisho chake cha kazi bado kilikuwa kinaning'inia shingoni. Alipomwona akatazama mkono wake kwanza.

"Kaka, vidole vyako!"

"Achana navyo. Soma."

"Wewe ni nani?" askari mmoja akauliza.

"Ndiye mwizi wenu. Nipe dakika moja, afande, halafu sikimbii popote. Naomba asome hiki tu."

Pengine ni ile damu. Pengine ni jinsi alivyopiga magoti. Askari akamwachia. Vidole akaweka laptopu mapajani mwa msichana.

Jicho akasoma jinsi alivyofundishwa. Kwenye meza ya jikoni Vidole alimwambia: jicho la pili linaanzia chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, ili maana isikuvute ukaruka kosa. Akaanzia kwenye jina. Sawa. Akapanda mstari mmoja. Hapo akasimama.

"Hii si kweli," akasema.

"Ipitishe hivyohivyo."

"Umeandika sikujua. Nilijua, kaka. Nilikuuliza, ukaniambia, nikajua."

"Mdogo wangu, tafadhali. Wewe una mama nyumbani. Bonyeza ndiyo. Mara moja tu. Kila kitu kitakuwa juu yangu, na ndiko kinakostahili kuwa."

Jicho akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuwa na mkono huru wa kuyafuta.

"Leo nimeshapitisha uongo mmoja," akasema. "Wa pili sipitishi. Andika upya. Ukiandika kweli, nitapitisha."

Vidole akamtazama sana. Alimfundisha vizuri mno, hiyo ndiyo shida. Akavuta laptopu, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto akaanza kufuta, herufi moja baada ya nyingine. Aliyekuwa anaandika ukurasa mzima bila kutazama chini, sasa anatafuta herufi moja kama mtoto. Askari walisimama wakatazama. Hata meneja alishusha simu.

*Mfanyakazi wa zamu alijua,* akaandika. *Alipitisha ili kumwokoa mume wa dada yangu. Nilimwomba mimi.*

Jicho akasoma, toka chini kwenda juu. Midomo yake ilicheza kidogo. Akafika juu. Akanyoosha mikono yote miwili kwa pamoja, kwa kuwa pingu hazikuruhusu mmoja, akaandika nywila yake ya zamu, akabonyeza ndiyo.

Kishikwambi cha mlinzi kikalia pale chini. Mlinzi akakitazama, akaanza kusoma kwa sauti, na watu wasio na kazi wakasogea kusikiliza.

Askari akamwinua Vidole kwa kola. Mwingine akamwinua Jicho. Wakapelekwa kwenye gari, huyu mlango huu, yule mlango ule. Mlangoni Jicho akageuka.

"Kaka. Lakini shemeji? Shemeji yuko salama?"

Vidole akafungua mdomo. Alikuwa na jibu zima, la kicheko cha mwanamke na tela lililojaa na mpaka. Angeweza kulisema lote. Akatazama pingu zile kwenye mikono midogo ya msichana, akaliangalia jibu lake kutoka chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, akachagua ule ambao haukuwa na uongo ndani yake.

"Yuko salama," akasema.

Jicho akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza mchana ule mabega yake yakalegea.

"Basi afadhali," akasema, akaingia garini.